Vyeti vya tovuti kwenye wingu: cheti hujihuisha chenyewe, lakini DNS yenu ameishika nani?

Mtunza Seva (mleta mada)

Wanajukwaa, hamjambo. Ninaleta mada hii kwa sababu miezi ya karibuni nimeulizwa swali lile lile na watu wanne, wote wakisimamia tovuti za biashara za wastani hapa Nairobi: tukihamishia vyeti vya usalama vya tovuti zetu (vile vinavyokithibitishia kivinjari kwamba kinazungumza na tovuti yenyewe) kwenye huduma ya wingu, je, tutakuwa tumeachana na shida ya vyeti kuisha muda? Jibu langu ni kwamba shida mnayoijua itaondoka, na nyingine ambayo wengi wetu hatujawahi kuipa jina itakaa kwenye kiti chake. Nitaieleza kwa kisa kilichonipata mwenyewe, na mtaniwia radhi kwa urefu.

Kampuni ninayoifanyia kazi iko Industrial Area na inasambaza vifaa vya hospitali. Tuna tovuti ya wateja, mfumo wa kupokea oda, na domeini ndogo moja (jina la tovuti lililo chini ya jina letu kuu) ambayo kazi yake ni kupokea taarifa za malipo ya M-Pesa kupitia Daraja, mlango wa Safaricom wa kuunganisha mifumo na M-Pesa. Kwa miaka mingi tulikuwa tukinunua cheti cha mwaka mmoja kwa wakala, na kila mwaka sherehe ilikuwa ile ile: kuandaa ombi, kusubiri fedha zipitishwe na uhasibu, kubonyeza kiungo kwenye barua pepe, kunakili faili hadi kwenye seva, kisha kuiwasha upya usiku watu wakiwa wamelala. Mwaka mmoja wakala alitutumia cheti pamoja na ufunguo wake wa siri kwa WhatsApp, tena kwenye kundi. Ufunguo uliokwisha kulala kwenye simu za watu watano sijui tuuite siri ya nani.

Kwa hiyo tulipohamishia seva zetu kwenye eneo la Cape Town la AWS, huduma ya wingu ya Amazon, nilifurahi kuviweka vyeti chini ya AWS Certificate Manager. Kwa wasioijua, huduma hii hukutolea cheti bila malipo mradi unakitumia kwenye huduma zake nyingine, kama vile CloudFront (inayowafikishia wageni tovuti kutoka seva zilizo karibu nao) au kigawa mzigo kinachokaa mbele ya seva zako. Ufunguo wa siri hubaki ndani ya huduma na humwoni mtu akiunakili huku na huko. Ili kuthibitisha kwamba domeini ni yako, unapewa rekodi moja ya CNAME, yenye jina refu linaloanza na mstari wa chini na kufuatiwa na herufi na tarakimu zisizosomeka, nawe unaiweka mara moja tu kwenye DNS yako, yaani orodha inayoueleza mtandao jina la domeini yako linaelekea wapi. Maadamu rekodi hiyo ipo mahali pake na cheti kinatumika, huduma hukihuisha yenyewe bila kukuuliza lolote.

Neno la kulitia mkazo hapo ni «maadamu».

Mwezi wa Februari, uongozi uliamua kuhamisha DNS kutoka kwa mtoa huduma mmoja hadi mwingine kwa sababu za bei. Kijana aliyepewa kazi hiyo kwa kandarasi alinakili rekodi moja moja kwa mkono, kwa uangalifu wote, na alipofika kwenye zile zenye majina yasiyosomeka akaona ni takataka zilizoachwa na majaribio ya zamani, akaziacha. Simlaumu, kwa maana hakuna aliyekuwa ameandika popote kwamba rekodi zile ndizo zilizobeba nyumba. Siku ile hakikuharibika kitu. Mwezi uliofuata pia hakikuharibika kitu, kwa kuwa cheti kilichokwisha kutolewa hakihitaji rekodi ile ili kiendelee kufanya kazi. Kinaihitaji siku ya kuhuishwa tu. Kosa lilitendeka Februari, na deni lake likaja kudaiwa Oktoba.

Wakati ule vyeti vya huduma hiyo vilikuwa vya miezi 13, na huduma ilianza kujaribu kukihuisha siku 60 kabla ya mwisho. Ilijaribu ikashindwa, kwa sababu haikuiona CNAME. Ilituma maonyo, na kuanzia siku ya 45 ilikuwa ikitoa tangazo kila siku ndani ya mfumo wake, ila sisi hatukuwa tumeunganisha matangazo hayo na chochote, na barua pepe zilikuwa zikienda kwenye sanduku la mwenzetu aliyekuwa ameacha kazi tangu Aprili. Cheti kikaisha saa 23:59:59 kwa saa za UTC, ambayo kwa Nairobi ni sekunde moja kabla ya saa tisa usiku.

Asubuhi wateja walianza kupiga simu wakisema tovuti yetu imevamiwa. Hilo lilikuwa dogo. Mtu akiona onyo kwenye kivinjari anaweza kupiga simu, anaweza hata kubonyeza aendelee kwa hatari yake mwenyewe, lakini mashine inayotuma taarifa ya malipo haina uwezo huo: ikiona cheti kilichokwisha muda inakata mawasiliano na kwenda zake. Wateja walikuwa wanalipa, fedha zilikuwa zinaingia, na mfumo wetu wa oda ulikuwa umekaa kimya kana kwamba hakuna aliyenunua hata bandeji. Tulikuja kulinganisha taarifa ya malipo na oda mstari kwa mstari, watu watatu, hadi jioni ya siku ya pili.

Sasa sikilizeni sehemu iliyonifanya nianzishe uzi huu. Kuomba cheti kipya, kurudisha CNAME na kukiunganisha cheti na kigawa mzigo ni kazi iliyonichukua chini ya dakika 20. Kabla ya hizo dakika 20 zilipita saa tano za kumtafuta mwenye nenosiri la DNS. Kijana wa kandarasi alikuwa amelirudisha na kuondolewa kwenye akaunti. Akaunti ya msajili wa domeini yetu ya .co.ke ilikuwa kwenye barua pepe binafsi ya bwana aliyetutengenezea tovuti ya kwanza miaka tisa iliyopita, ambaye sasa anafuga kuku Kitengela na ambaye, Mungu ambariki, alipokea simu. Kama asingeipokea, tungekuwa tunaandika barua zenye mhuri wa kampuni kumthibitishia msajili kwamba sisi ndio sisi.

Ninachosema ni kwamba huduma ya wingu haikuondolei kazi ya kusimamia vyeti. Inaihamisha kutoka kwenye faili la cheti hadi kwenye DNS. Zamani aliyekuwa na ufunguo ndiye aliyekuwa na cheti. Siku hizi anayeweza kuandika rekodi kwenye DNS yako ndiye mwenye cheti, awe mfanyakazi wako, mkandarasi, au mfuga kuku. Ningependa kusikia ninyi mnaishughulikiaje hali hii.

Kamanda wa Terminal

Ndugu mleta mada, pole kwa yaliyowapata, ila sioni sababu ya mzunguko wote huo. Let's Encrypt imekuwa ikitoa vyeti bure tangu Desemba 2015. Unaweka Certbot, programu ya kuomba na kuhuisha vyeti, kwenye seva, unaiwekea ratiba, kila cheti cha siku 90 kinahuishwa kabla hakijafika mwisho, na hakuna CNAME ya kupotezwa na mtu. Mimi nina seva sita za wateja zinazoendeshwa hivyo na sijaamshwa usiku hata mara moja.

Mtunza Seva (mleta mada)

Ndugu Kamanda, njia yako ni nzuri na mimi mwenyewe ninaitumia kwa seva mbili zilizobaki nje ya wingu. Hata hivyo tuiangalie kwa haki. Uthibitisho unaoutumia, nadhani, ni ule wa kuweka faili kwenye seva na kuisubiri mamlaka ya vyeti ije kuisoma kupitia mlango wa 80, ule wa HTTP isiyofichwa. Siku mtu wa usalama atakapofunga mlango huo kwenye faiwoli akiamini kwamba hauna kazi kwa sababu tovuti yote iko kwenye HTTPS, utakuwa umeingia kwenye mtego ule ule wangu: hakuna kinachoharibika siku hiyo. Na ukihitaji cheti kimoja kinachofunika domeini ndogo zote kwa nyota, Let's Encrypt inakulazimu uthibitishe kwa rekodi ya TXT (ya maandishi) kwenye DNS, kwa hiyo unarudi mlangoni pale pale pa DNS.

Kuna jambo jingine ambalo huenda halijakufikia. Let's Encrypt iliacha kutuma barua pepe za kukumbusha kwamba cheti kinakaribia kuisha mnamo Juni 2025. Ikiwa ratiba yako imekwama kwenye mojawapo ya zile seva sita, hakuna atakayekuandikia.

Kamanda wa Terminal

Hilo la barua pepe sikuwa nalo. Ninakwenda kuangalia.

Msema Kweli 254

Mimi nina neno la uchungu kidogo. Cheti kilikuwa cha miaka mitatu, kikawa cha miwili, kikawa cha mwaka na mwezi, na sasa tunaambiwa kitakuwa cha siku 47. Kila baada ya miaka kadhaa watu walioko mbali wanakaa mezani na kutupangia kazi ya ziada, kisha kampuni zile zile zinatuuzia dawa ya ugonjwa waliouleta. Mnisamehe, lakini hii naiona ni biashara tu. Tovuti ya duka la vitabu pale River Road inahitaji cheti kipya kila mwezi na nusu kwa sababu gani hasa?

Mkaguzi wa Mifumo

Ndugu Msema Kweli, nimekuwa kwenye kazi ya ukaguzi wa mifumo kwa muda na ninaomba nikujibu kwa utaratibu, kwa sababu malalamiko yako ninayasikia kila wiki na nusu yake ni ya haki.

Tuanze na takwimu zenyewe, maana zinazunguka zikiwa zimechanganywa. Uamuzi ulipitishwa Aprili 2025 na CA/Browser Forum, baraza ambamo watoaji wa vyeti na watengenezaji wa vivinjari hukubaliana kanuni, na pendekezo lenyewe lilipelekwa na Apple. Kikomo cha siku 398, kilichokuwapo tangu Septemba 2020, kinashuka hadi siku 200 kwa vyeti vinavyotolewa kuanzia tarehe 15 Machi 2026, kisha siku 100 kuanzia tarehe 15 Machi 2027, na siku 47 kuanzia tarehe 15 Machi 2029. Kwa hiyo hata huko mwisho wenyewe duka lako la vitabu lina muda wa kujipanga.

Sababu ni hii. Cheti ni ushuhuda kwamba siku fulani, mtu fulani alionekana akiitawala domeini fulani. Domeini huuzwa, huachwa, hubadilisha wenyewe, na funguo huibwa, lakini ushuhuda ule unaendelea kusemwa hadi tarehe iliyoandikwa. Njia ya kuufuta kabla ya wakati ipo, ila vivinjari havijawahi kuifuata kwa uthabiti wa kutegemewa. Ilipogunduliwa hitilafu ya Heartbleed mnamo Aprili 2014, iliyoweza kuvujisha funguo za siri kutoka kwenye kumbukumbu ya seva, vyeti vingi mno vilitakiwa kufutwa kwa mpigo, na udhaifu wa mfumo wa kufuta ukaonekana waziwazi. Ikiwa kufuta hakutegemeki, dawa iliyobaki ni kufupisha maisha ya cheti, ili kilichoharibika kife chenyewe upesi.

Hata hivyo, namba inayowahusu zaidi wasomaji wa uzi huu si 47, ni 10. Uamuzi ule ule unapunguza pia muda ambao uthibitisho mmoja wa umiliki wa domeini unaweza kutumiwa tena, na kuanzia tarehe 15 Machi 2029 muda huo utakuwa siku 10. Maana yake ni kwamba wale ambao huthibitisha kwa kubonyeza kiungo kwenye barua pepe, hata kama njia hiyo ingeendelea kuruhusiwa, wangelazimika kubonyeza karibu kila wanapohitaji cheti. Hakuna ofisi ambayo ingeweza kuishi hivyo. Uthibitisho utalazimika kuwa wa mashine, na mashine itausoma kwenye DNS au kwenye seva, na hapo ndipo hoja ya mleta mada inapopata uzito ambao pengine hata yeye hakuukusudia: rekodi iliyopotea itaadhibiwa baada ya wiki chache, si baada ya miezi minane. Binafsi ninaliona hilo kuwa jema. Kosa la Februari likionekana Machi, aliyelitenda bado yupo ofisini.

Kuhusu biashara, ni kweli kwamba wapo wanaouza mifumo ghali ya kusimamia vyeti kwa kututisha kwa namba 47. Duka la vitabu halihitaji mfumo huo. Itifaki ya ACME, inayowezesha seva kuomba na kuhuisha cheti bila mkono wa mtu, iko wazi kwa kila mtu na imesanifishwa tangu Machi 2019.

Msema Kweli 254

Asante kwa maelezo, Mkaguzi. Sijafurahi, lakini nimeelewa.

Bibi wa Mtandao

Sisi ni shule ndogo na hatuna mhandisi, mimi ni mwalimu wa kompyuta ninayeshughulikia tovuti jioni. Niliweka Cloudflare, huduma inayokaa kati ya wageni na seva, mbele ya tovuti, cheti kikatokea chenyewe bila malipo, na tangu siku hiyo sijawahi kukifikiria. DNS yetu pia iko huko huko kwao. Je, nami nimo kwenye hatari mnayoizungumzia?

Mtunza Seva (mleta mada)

Mwalimu, upande mmoja umenishinda mimi mhandisi. Kwa kuwa anayekupa cheti ndiye anayeshika DNS yako, hakuna rekodi ya mtu kuisahau njiani, anajithibitishia mwenyewe. Kilichobaki kwako ni akaunti ya msajili, yaani kule ambako domeini ya shule imesajiliwa na ambako imeandikwa kwamba DNS iko Cloudflare. Atakayeiingia akaunti hiyo ataihamisha tovuti yote na cheti chake, na shule ikisahau kulipia domeini hakuna cheti kitakachoiokoa. Hakikisha akaunti iko kwenye barua pepe ya shule, isiwe ya mwalimu mmoja, hata kama mwalimu huyo ni wewe.

Upande wa pili nina swali. Ukifungua mipangilio ya SSL, yaani ya usimbaji wa mawasiliano, imeandikwa Flexible, Full, au Full (Strict)?

Bibi wa Mtandao

Imeandikwa Flexible. Nilidhani ni neno zuri.

Mkaguzi wa Mifumo

Mwalimu, naomba nidakie hapa. Safari ya data ina vipande viwili: kutoka kwa mzazi hadi Cloudflare, na kutoka Cloudflare hadi seva mnakohifadhi tovuti. Katika hali uliyoitaja, kipande cha kwanza kimefichwa kwa usimbaji na kipande cha pili kinasafiri wazi. Mzazi anaona tovuti ni salama, na kwa nusu ya njia ni kweli. Kama tovuti ni ya picha za siku ya michezo tu, si balaa. Kama wazazi wanajaza humo majina ya watoto, tarehe za kuzaliwa au alama za mtihani, basi Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaidai shule iwe imechukua hatua zinazofaa za kuzilinda, na sioni ungemwelezaje Kamishna wa Data kuhusu nusu ile nyingine.

Dawa haina gharama. Cloudflare hutoa cheti cha kuweka kwenye seva yako, ambacho kinaweza kudumu hata miaka 15 kwa sababu kinaaminiwa na Cloudflare peke yake na si na vivinjari. Kiweke, kisha ubadilishe mpangilio uwe Full (Strict). Usibadilishe kabla ya kukiweka, la sivyo tovuti itazima.

Bibi wa Mtandao

Nitalifanya Jumamosi. Fomu ya kujiunga na shule iko humo, kwa hiyo nimepata jibu langu.

Fundi wa Programu za Simu

Nami niongeze jeraha langu, kwa kuwa sijaona mtu akiligusa. Tulitengeneza programu ya Android kwa ajili ya mawakala wa kampuni moja ya usambazaji, wanaozunguka Eastleigh, Gikomba hadi Kayole wakichukua oda. Kwa bidii ya usalama tuliiandikia programu ile alama ya cheti chenyewe cha seva, ikatae kuzungumza na seva yoyote yenye cheti tofauti. Wakati ule cheti kilikuwa cha kununua na kilikuwa kinabadilishwa mara moja kwa mwaka, nasi tulikuwa tunatoa toleo jipya la programu wiki mbili kabla.

Kisha mteja akahamia kwenye huduma ya wingu inayojihuisha, na hakutuambia kwa sababu hakuona inatuhusu. Siku cheti kilipobadilishwa, miezi kabla ya tarehe tuliyokuwa tumeiandika kwenye kalenda, simu zote za mawakala zilikataa kuzungumza na seva. Tovuti ilikuwa nzima kabisa kwenye kivinjari, na tulipoteza nusu siku tukitafuta kosa kwenye mtandao wa simu. Toleo jipya tulilitoa jioni ile ile, lakini wakala aliyeko sokoni hana bando la kupakua programu kwa hiari yake, na ilichukua siku nne kuwafikia wote.

Ushauri wangu kwa wenzangu wa programu za simu ni kwamba msifungamanishe programu na cheti cha seva kinachohuishwa na mtu mwingine. Ikibidi kufungamanisha, fungamanisheni na vyeti vya mizizi (vile vya juu kabisa) vya mamlaka inayotoa, tena zaidi ya kimoja. Kwa huu mwendo wa kuelekea siku 47, anayefungamana na cheti chenyewe atakuwa anatoa toleo jipya la programu kila mwezi.

Mtunza Seva (mleta mada)

Hili lingestahili uzi wake. AWS wenyewe hutahadharisha dhidi ya kufungamanisha programu na cheti kinachosimamiwa na Certificate Manager, ila tahadhari hiyo husomwa na anayesimamia wingu, naye anayeandika programu ya simu yuko jengo jingine.

Karani wa DNS

Nyongeza fupi. Ikiwa DNS yenu ina rekodi ya CAA, inayotaja mamlaka zinazoruhusiwa kutoa vyeti kwa domeini yenu, ikumbukeni siku ya kuhama. Kila mamlaka inawajibika kuisoma kabla ya kutoa cheti tangu Septemba 2017. Nimeona mtu akihangaika siku nzima na huduma ya wingu inayogoma kumpa cheti, kumbe mtangulizi wake aliandika jina la mamlaka moja tu ya zamani. Kwa wanaohamia Certificate Manager, amazon.com ikiwamo kwenye rekodi hiyo inatosha.

Kamanda wa Terminal

Nimerudi, na nimerudi nikiwa mnyenyekevu. Kati ya seva zangu sita, moja ratiba yake ilikwama baada ya kusasisha mfumo, na cheti chake kilikuwa kimebakiza siku 11. Nimekirekebisha. Sasa swali langu ni hili: mtu anajuaje idadi kamili ya vyeti vilivyotolewa kwa jina lake, ikiwa vimetawanyika kwa Certbot, kwa Cloudflare, kwa AWS, na kwa mawakala ambao hata hatuwakumbuki?

Mtunza Seva (mleta mada)

Ndugu Kamanda, usianze kwa kuuliza watu, anza kwa kuuliza kumbukumbu za umma. Cheti kinachotaka kukubaliwa na Chrome au Safari lazima kiwe kimeandikwa kwenye daftari za wazi za Certificate Transparency, na tovuti ya crt.sh inakuruhusu kutafuta humo kwa jina la domeini. Andika jina lako utaona vyeti vyote, vya jana na vya miaka iliyopita, na mamlaka iliyotoa kila kimoja. Nilipofanya hivyo kwa domeini yetu nilikuta majina ambayo sikuwa nimeyasikia tangu niajiriwe.

Mambo mawili ya kuangalia. La kwanza, daftari hizo zinasomwa na kila mtu, hata asiyekutakia mema, kwa hiyo ukiomba cheti cha domeini ndogo iitwayo «mishahara-majaribio» umeitangazia dunia kwamba ipo. Cheti cha nyota husaidia kuficha majina ya ndani. La pili linawahusu wa AWS: cheti cha CloudFront sharti kikae katika eneo la Virginia Kaskazini hata kama seva zako zote ziko Cape Town, kwa hiyo jina moja linaweza kuwa na vyeti viwili katika maeneo mawili, na anayefungua dashibodi ya Cape Town peke yake ataapa kwamba ameviona vyote. Tena ukikuta kilichoandikwa kwamba kiliingizwa kutoka nje, jua kwamba hicho hakijihuishi kamwe. Huduma itakukumbusha, lakini kukileta kipya ni kazi yako.

Kwa upande wetu, sasa tuna lahajedwali moja, yenye safu ya jina, safu ya mahali cheti kilipo, safu ya rekodi inayokithibitisha, na safu ya mtu, ambayo haturuhusu iandikwe «IT». Yale matangazo ya kila siku yanayoanzia siku ya 45 tumeyaelekeza kwenye sanduku la barua la timu na kwenye simu ya zamu. Vilevile tuna mashine moja nje ya wingu hilo, inayofungua kila tovuti yetu mara moja kwa siku kama mgeni na kusoma tarehe ya mwisho iliyoandikwa kwenye cheti inachoonyeshwa. Hiyo ndiyo ninayoiamini kuliko zote, kwa sababu inaona anachokiona mteja.

Kamanda wa Terminal

Nimetafuta kwa domeini ya mteja wangu mmoja. Nimekuta vyeti hai saba, nami nilikuwa ninavijua vitano. Cha sita ni cha Cloudflare, kilichowekwa na mtu wa masoko. Cha saba ni cha domeini ndogo iitwayo «zamani», ambayo DNS yake bado inaelekeza kwenye anwani ya seva tuliyoifunga na kuacha kuilipia mwaka jana. Cheti hicho kimetolewa wiki tatu zilizopita, na si mimi niliyekiomba. Nikiache kiishe chenyewe?

Mkaguzi wa Mifumo

Hapana, na usisubiri kesho. Ulipoacha kulipia seva ile, anwani yake ilirudi kwa mtoa huduma naye akampangia mteja mwingine. Aliyeipata ameona kwamba jina lenu bado linaelekea kwake, akaweka faili la uthibitisho kwenye mlango wa 80, na mamlaka ikampa cheti halali kabisa kwa jina la mteja wako. Anaweza kuwa mtu asiye na nia mbaya ambaye programu yake ilifanya hivyo yenyewe, na anaweza kuwa siye. Ondoa rekodi ya «zamani» kwenye DNS kwanza, sasa hivi, kisha iandikie mamlaka iliyotoa cheti uombe kifutwe kwa sababu aliyenacho hana haki ya jina hilo. Ukimaliza, pitia rekodi zote za DNS za mteja huyo uone nyingine zinazoelekea kwenye nyumba mlizohama.

Kamanda wa Terminal

Ningeiondoa dakika hii. Nenosiri la DNS analo yule mtu wa masoko, na simu yake haipatikani.